Papa Alipotufundisha Skii Kwenye Korido

Najua sina mvi hata moja ya kunipa haki ya kusema "enzi zetu." Lakini ninyi tuliokua pamoja Yeoville, hapa Johannesburg, mliokuwa na makovu magotini kabla ya kuwa na simu mkononi, mtanikubalia: miaka ile ya elfu mbili na kumi na sita, kumi na saba, ilikuwa dunia nyingine. Baridi ya Juni ikifika tulivaa soksi mbili mbili. Tulinunua magwinya, yale maandazi ya moto, kwenye spaza, kiduka cha mtaani, tukayakumbatia kwanza kama jiko, kisha ndipo tukayala. Jumamosi Mama alipaka korido ya flati yetu polishi nyekundu, akaisugua mpaka taa ikajiona ndani yake. Hapo ndipo mchezo ulipoanza, maana soksi juu ya polishi hazina breki.

Nyumba nyingine watoto walichapwa kwa mchezo huo. Kwetu ulikuwa somo, na mwalimu alikuwa Papa.

Kule Bukavu, Kongo, Papa alifundisha shule ya msingi. Johannesburg ilimpa sare ya ulinzi na kiti cha plastiki mlangoni pa jumba moja kaskazini mwa mji, ambako watu walijifunza skii, kuteleza kwa mbao ndefu miguuni, bila theluji. Ndani kulikuwa na zulia jeupe, kubwa, limeinama kama paa, limeloweshwa maji. Lenyewe linazunguka kupanda, wewe unateleza kushuka, na mwisho wa yote hufiki popote.

"Na wanalipa?" Mama aliuliza alipoelezwa mara ya kwanza.

"Wanalipa."

"Ili waanguke?"



Kutwa nzima Papa alimsikia kocha, dada mmoja wa Durban aitwaye Lindiwe, akiwapigia wanafunzi kelele. Jioni alituletea maneno yale yakiwa bado ya moto. "Kunja magoti! Ukisimama kama nguzo, utaanguka kama nguzo." "Usiangalie miguu yako, haitoroki. Angalia unakokwenda." "Egemea mbele. Mwoga huegemea nyuma, na huko nyuma hakuna usukani." Ili kupunguza mwendo, kocha aliwaambia waunganishe ncha za mbao ziwe kama kipande cha pizza. Papa, akijua kwetu pizza ni kitu cha kwenye televisheni, akageuza: "Sambusa, Espoir! Fanya sambusa!" Na mdogo wangu Espoir, vidole vya miguu vimekutana, visigino vimeachana, alikuja mbio akaubamiza mlango wa jirani.

Mashauri yale hayakuishia kwenye korido. Nikiogopa mtihani wa Kizulu: "Furaha, egemea mbele." Mama akienda kwa mwenye nyumba kudai bomba litengenezwe: "Mama Furaha, kunja magoti." Mama alimjibu kwamba mbele ya mwenye nyumba yule ameshayakunja vya kutosha.

Tulicheka, lakini tuliona. Kule mlangoni watu walimpita Papa kama magari yanavyopita robot, taa ya barabarani, ikiwa ya kijani. Kwenye korido sauti yake ya ubaoni ilirudi, mgongo ukanyooka, na sisi wawili tukawa darasa zima.

Kisha Desemba moja, tajiri wa jumba lile akawaalika wafanyakazi na familia zao wateleze bure. Papa hakuwa amewahi kulikanyaga zulia lile. Mama alivaa kitenge cha kanisani. Espoir aliwatangazia watoto wote waliokuwepo, kwa Kiingereza chake cha mtaani, kwamba baba yake ni kocha.

Papa akafungwa buti na mbao. Akatutazama. "Angalieni magoti," akasema.

Zulia likaanza kuzunguka. Kabla sijayaona hayo magoti, Papa alikuwa chali, mbao moja huku, nyingine kule, na kofia yake ikipanda juu peke yake.

Jumba zima lilicheka. Espoir alicheka wa kwanza, akanyamaza wa kwanza. Papa alijaribu kuinua kichwa, akateleza tena, halafu akageuzia uso wake ukutani, akatulia hapo. Nilitamani taa zizimike.

Lindiwe akasimamisha zulia, akapiga goti kando yake. Hakupiga kelele. Tulimsikia kwa sababu wote tulikuwa kimya.

"Baba, usiinuke kwa kichwa. Lala ubavu. Lete miguu chini yako, mbao zikingame na mteremko. Sasa sukuma, taratibu."

Papa akamtazama. "Hilo sijawahi kulisikia. Miaka yote hii!"

"Mlangoni hulisikii," akajibu Lindiwe. "Tunalisema huku chini, kwa aliyeanguka."

"Rudia, tafadhali," akasema Papa, kama mwanafunzi.

Akarudia. Papa akalala ubavu, akasukuma, akasimama. Akaanguka. Akasimama tena. Mwishowe akatulia juu ya mbao, magoti yamekunjwa, sambusa imekaa sawasawa, zulia limewashwa tena, likipita chini yake naye haendi popote. Mama akapiga vigelegele mpaka watoto wa kitajiri wa Sandton wakaziba masikio.

Kwenye teksi ya kurudi Papa alimsimulia dereva anguko lake, na kila alipolisimulia lilikuwa kubwa zaidi. Jumamosi iliyofuata akasimama mbele yetu, akasafisha koo. "Leo tunaanza kwa kuanguka," akasema. "Nisameheni, nilikuwa nawafundisha kitabu kuanzia sura ya pili."

Siku hizi tuna kitindamimba, Héritier, ambaye wakati ule alikuwa bado hajazaliwa. Anacheza skii kwenye simu, milima ya kweli, theluji mpaka kwenye miti. Anajua, sikatai. Ukimsemesha kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza kwamba yuko bize. Akianguka haguni, hachubuki. Anabonyeza kidole, anaanza upya, na hakuna nyumbani anayejua kwamba alianguka. Papa huketi kando yake kwenye sofa, miwani puani, akisubiri kuulizwa.