Mama Mkwe Asoma Tangazo

Wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi huku kwetu, mimi na mama mkwe wangu tulijiandikisha darasa la ngumbaru pamoja. Tulisomea katika chumba kimoja cha shule hapa Garissa, baada ya swala ya alasiri, watoto wakishatoka. Tulikalia madawati yao, magoti yakigonga mbao. Mume wangu ndiye aliyetuhimiza. Alikuwa malishoni na ng'ombe upande wa Sangailu, na kila alipokuja nyumbani aliuliza, "Mmefika herufi gani?"

Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole kutoka pwani, tukimwita maalim. Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni, Kisomali chetu hakina P, na mama mkwe alimsumbua sana kwa P na B.

"Maalim, sauti moja mmeiwekea herufi mbili za nini?"

"Si moja, mama. Sema 'papa'."

"Baba."

Darasa likaangua kicheko, naye akacheka kutushinda sote. Hata hivyo aliniacha mbali. Mimi nikihangaika na silabi, yeye alikuwa akisoma maandishi ya magunia ya sukari.

Asubuhi moja tulikuta tangazo limebandikwa ukutani mwa duka sokoni. Wanawake wakamsukuma mbele. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza. "Wa-tu wo-te..." Wakapiga vigelegele. Muuza maziwa mmoja akamkumbatia. Mama mkwe akaendelea kwa sauti ya juu, furaha ya kuunganisha silabi ikiitangulia maana: watu wote waingie na mifugo yao ndani ya kijiji cha ulinzi kabla ya Ijumaa, atakayekutwa nje atahesabiwa shifta.

Vigelegele vikakatika. Aliurudia mstari wa mwisho kwa sauti ndogo, kisha akanigeukia.

"Binti yangu, leo ni siku gani?"

Ilikuwa Jumatano.

Tulikimbia kwa maalim. Akafuatana nasi ofisi ya serikali kuomba kibali cha kumtuma mtu Sangailu akamwite mume wangu. Karani akasema njia imefungwa.

"Mtu huyu hana habari," maalim akasihi. "Huko aliko hakuna hata ukuta wa kubandika karatasi."

"Na wewe angalia," karani akamjibu, "usije ukaulizwa unawatetea akina nani."

Tukaingia kijijini, ndani ya ua wa miiba, tukangoja. Ijumaa ikapita. Baadaye akaletwa mchungaji mmoja, mguu wake umefungwa kitambaa. Alikuwa amemkuta mume wangu kwenye dimbwi la kunyweshea, amelala kati ya ng'ombe wake waliokufa. Alimzika peke yake. Risasi zilikuwa za nani hakujua, nasi hatujaambiwa hadi leo.

"Inna lillahi," mama mkwe akasema, akaketi chini palepale.

Eda nilikaa ndani ya ua ule. Vita vilipokwisha, maalim wetu alikuwa amehamishwa, akaja mwingine, na darasa likafunguliwa tena. Nilirudi, kwa kuwa mume wangu alitaka nijue kusoma. Mama mkwe alikataa. Alisema macho yake yamechoka, ingawa kila jioni nilimwona akiwatambua mbuzi wake wangali mbali. Sikumbishia.

Tangu hapo karatasi za dawa nilimsomea mimi. Alisikiliza akivuta tasbihi, uso kaugeuzia pembeni, na nilipomaliza aliinuka, akaenda kuchochea moto wa chai.