Kompyuta Iliyogoma Baada ya Kubarikiwa

Habari hii nusu niliiona kwa macho yangu. Nusu nilikuja kusimuliwa kwa kirefu na binti yangu Rosemary, mwaka 1999, siku tulipokuwa tunapukuchua mahindi uani.

Nusu ya Rosemary ilitokea chini ya meza, ndiyo maana mimi sikuiona.

Padre alibariki kompyuta ya mwanangu. Kompyuta ikagoma kuwaka. Kabla wali haujapoa, mke wa mwanangu alikuwa ameshafungasha.

Ndiyo. Imegoma mashine, anaondoka mke.

Ngoja nianzie ilikoanzia.

Miaka ile ya soko huria, hapa Songea kila mtu alikuwa mkurugenzi. Muuza maandazi, mkurugenzi. Mwenye baiskeli mbili, mkurugenzi wa usafirishaji.

Mwanangu Baltazar walimpunguza kazini kwenye shirika lao. Wakampa kiinua mgongo. Kiinua mgongo chote kikaenda Dar, kikarudi na basi kikiwa kompyuta.

"Mtumba wa Ulaya, Mama," aliniambia, "lakini mtumba wa daraja la kwanza."

Boksi halijafunguliwa, kibao kimeshapigiliwa barabarani pale mtaani kwetu Mshangano: BALTAZAR KOMPYUTA SENTA. KUCHAPA, MAFUNZO NA USHAURI.

Ushauri wa nini, sijui. Yeye mwenyewe alikuwa amefundishwa kuwasha na kuzima, basi.

Kwetu Wakatoliki kitu kipya hakianzi kazi mpaka kibarikiwe. Nyumba, baiskeli, cherehani, vyote vinangoja Padre. Jumamosi Baltazar aliijaribu kidogo tu, ikawaka, tukapiga vigelegele vya chinichini, akaizima. Kazi yenyewe ingeanza Jumapili baada ya baraka.

Aliyeipamba ni Rosemary. Alifuma vitambaa vyeupe vya maua. Cha kufunika kioo, cha kufunika sanduku lake, na kimoja kikubwa cha meza, kinaburuza mpaka sakafuni. Kompyuta ilikaa pale sebuleni kama bibi harusi anayesubiri mahari imalizike.

Sasa mke wa Baltazar.

Aliitwa Agape. Mwalimu, mtu wa Makete, Mlutheri. Ndoa yao waliifunga bomani. Kwa Rosemary, ndoa ya bomani ilikuwa sawa na leseni ya baiskeli.

"Wifi, wewe hapa kwa kaka yangu unakaa kwa kibali cha serikali," alikuwa anamchokoza.

"Na kibali chenyewe hakina mwisho, wifi," Agape anajibu, huku anapepeta mchele wake.

Mimi nilimpenda. Mtu anayejibu huku anafanya kazi, huyo ni wa kukaa naye.

Jumapili ikafika. Wanajumuiya, majirani tunaosali nao, wakajaa sebuleni. Viatu vyote mlangoni, maana tulisikia kompyuta haitaki vumbi. Vumbi halikuingia, lakini soksi zile, mh!

"Tumsifu Yesu Kristu!"

"Milele amina!"

Padre akasali, akachovya, akanyunyiza maji ya baraka. Alikuwa Padre mwenye mkono mpana, hata mimi niliyekaa kwenye kona nililowa. Akamaliza, akapanda gari lake, waumini wa kigango kingine kijijini walikuwa wanamngoja.

Baltazar akakohoa kama mheshimiwa. Akabonyeza swichi.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Akaibonyeza kwa kidole gumba, kama anaua chawa.

Wapi!

Jirani yetu Kajetani, ambaye aliwahi kuiona kompyuta benki kule Dar, akasogea. "Ipewe muda ipate joto. Ni kama lori, asubuhi halitaki papara."

Tukaipa muda. Haikupata joto. Aliyepata joto ni Baltazar, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai.

"Au labda ni haya ma..." Kajetani akaanza.

Katekista Isidori akamgeukia polepole. "Maji gani, Kajetani?"

"Ya mvua."

Nje jua linachoma mpaka kuku wamejificha.

Baltazar akataka kuinua kitambaa cha meza aangalie nyaya. Rosemary akaruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Usikiguse! Kimenyunyiziwa baraka hicho! Unataka kukikung'uta kama mkeka?"

"Dada yako amesema kweli," katekista akasema. "Bwana Baltazar, jana mashine iliwaka?"

"Iliwaka."

"Leo imebarikiwa, imekataa. Baraka haina kosa. Basi mashine imeona kitu humu ndani."

"Imeona nini?"

Katekista hakutaja mtu. Alitazama tu. Na sebule nzima ikatazama alikotazama.

Agape alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi.

Hapo ndipo niliposhangaa binadamu. Waya haukuangaliwa, ukaangaliwa ukoo. Wakauliza alibatizwa wapi. Wakauliza kwa nini hawajafunga ndoa kanisani. Mama mmoja akakumbuka kwamba hata kuku wa Baltazar waliacha kutaga mwaka alioingia Agape. Rosemary peke yake alikaa kimya, anasokota ncha ya kitenge chake. Siku ya kumsema wifi yake, yeye kimya!

Mwishowe Baltazar akamwendea mkewe, anaangalia chini.

"Mke wangu, labda utangulie kwenu kwanza, mambo yatulie. Ukirudi tutazungumza habari ya kanisa."

"Kwa sababu ya kompyuta?"

"Siyo kompyuta tu. Ni... hali."

Agape akaweka sinia chini, taratibu, glasi hata moja haikulia. Akaingia chumbani. Tukasikia zipu ya begi.

Nikamfuata.

"Mama, nakuaga. Nalala kwa mwalimu mwenzangu mjini, asubuhi nipande basi."

"Wali wa leo kapika nani?"

"Mimi."

"Na kuku?"

"Mimi, Mama."

"Basi hutoki humu na njaa ya chakula ulichopika mwenyewe. Basi lenyewe ni la kesho, haraka ya nini? Kaa ule."

Akataka kubisha. Nikashika mkono wa begi, nikakaa. Mimi nikikaa, nimekaa. Akaona hana njia, akatoka uani, akala na begi lake limebanwa katikati ya miguu. Watu wote wakawa uani wanakula. Wanamtazama, wanatafuna.

Mara tukasikia kutoka sebuleni:

"Piiiii!"

Halafu muungurumo, vuuuu, kama nyuki kwenye mzinga.

Tukakimbia. Kajetani na paja lake la kuku mkononi. Tunafika, kioo kinawaka! Maandishi ya Kizungu yanapanda juu moja baada ya jingine.

Katekista akapiga ishara ya msalaba. "Mmeona wenyewe! Mwanamke ametoka nje, mashine imefunguka!"

Wakaitikia, "Eeeh!" Nikamwona Agape anaweka begi begani.

Hapo kitambaa cha meza kikatikisika.

"Nyoka!" Kajetani akapiga kelele, akachukua kiatu. Kiatu cha katekista.

Kitambaa kikainuka. Akatoka Rosemary, anatambaa kwa magoti, maua ya kufuma yamemning'inia kichwani kama shela.

"Unafanya nini huko?" Baltazar akauliza.

"Nasali."

"Chini ya meza?"

"Rosemary," nikamwita. Jina tu, sikuongeza kitu.

Akaanza kulia. "Niliogopa Padre atapigwa shoti, Mama! Maji na umeme! Kabla hajaingia nilichomoa waya ukutani. Nikasema nitaurudisha akishaondoka, watu wakawa wamejaa. Nimeurudisha sasa hivi, kumbe kaka ameacha swichi imebonyezwa, ikapiga kelele nikiwa hukohuko chini!"

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje mbele ya katekista kwamba mimi nimeyaogopa maji ya baraka?"

Kwa hiyo aliona ni afadhali wifi yake aende Makete.

Katekista akaanza kutafuta viatu vyake. Akapata kimoja.

Baltazar akamgeukia mkewe, meno yote nje. "Mke wangu! Mashine imewaka! Haya, rudisha begi ndani."

Agape akakaza mkanda wa begi begani.

"Mashine ilikuwa imechomolewa, mume wangu. Wewe nani alikuchomoa?"

Kajetani akaacha kutafuna.

"Na begi hili," Agape akaendelea, "silirudishi mimi. Atalirudisha aliyelitoa."

Mkurugenzi akalibeba begi, mbele ya wanajumuiya wote, tai yake ikiwa imekaa upande, akalipeleka chumbani. Agape akarudi uani kumalizia wali wake. Rosemary akapiga magoti kumnawisha mikono.

Wajukuu zangu mnaosoma, kitu kikigoma nyumbani, anza na ukuta. Watu wako waache mwisho kabisa. Waya ukiuchomoa unaurudisha siku hiyohiyo. Mtu ukimchomoa, hujui atarudi na nini.

Jioni mgao ukakata umeme na mashine ikazimika yenyewe. Tukala kiporo, tukaingia kulala mapema. Baltazar alianza kukoroma upande wa pili wa ukuta, kama hajafanya neno.

Rosemary alilala kwangu. Akageuka huku, akageuka kule. Akainuka, akaenda kugonga mlango wa wifi yake.

"Wifi, nimekuja kuomba radhi."

"Nimeshalala, wifi," Agape akajibu. "Ulilolifanya mchana, njoo ulisema mchana."

Akarudi, akajilaza.

"Mama, atanisamehe?"

"Lala. Kesho mchana utamwendea tena."

Rosemary akavuta shuka, akalala.