Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Nikisikia redioni kwamba nchi mbili zilizokuwa zikirushiana maneno sasa zitafunguliana ubalozi, huwa naongeza sauti. Kazi hiyo nimeifanya. Sikupewa gari lenye bendera, nilipanda boda boda. Tena nilikuwa balozi asiyeruhusiwa kumtazama usoni mmoja wa wakubwa wenyewe.

Upande mmoja alikuwa mama yangu, aliyekuja Eldoret kutoka magharibi akiwa msichana na anauza mboga mjini mpaka leo. Upande wa pili alikuwa mama mkwe, mkulima wa Chepkoilel, mwenye ng'ombe anaowajua kila mmoja kwa tabia yake. Katikati, Kiplombe, tunakaa mimi na mke wangu. Nasema tunakaa, lakini yeye hutoka kwenda kufundisha chekechea. Mimi ndiye ninayekaa. Nashona nguo sebuleni. Nilimaliza kidato cha nne, nikaionja dunia ya nje kidogo, nikarudi ndani.

Vita vilianza kwa adabu. Mtoto wetu alipozaliwa, baba mkwe alileta kibuyu cha mursik, yale maziwa lala yanayotiwa majivu ya mti ulioungua, ili binti yake apate nguvu. Mama alikuwa kwetu akimwangalia mzazi. Maziwa yalipoisha akachungulia ndani ya kibuyu, akaona weusi.

"Chombo cha watu hakirudi kichafu," akasema. "Na hakirudi kitupu."

Akakiosha kwa maji moto na sabuni ya unga. Ule weusi haukutoka. Akaniambia nimtafutie kokoto ndogo, akazitia humo, akatikisa mpaka jasho likamtoka. Mimi nilichagua kokoto nzuri. Kilipong'aa akakijaza njugu, nikakipeleka mwenyewe Chepkoilel, nikijiona mkwe wa maana.

Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja. Kwa hiyo nilikaa nje ukutani na baba mkwe, na mama mkwe akafungulia kibuyu jikoni. Nilisikia njugu zikimwagika kwenye sinia. Halafu sauti yake:

"Mzee, hebu nusa hii kitu."

Mzee aliingia, akanusa, akatoka, akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekula simu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kibuyu hakioshwi. Kinachomwa ndani kwa kijinga cha moto, kinasuguliwa, mwaka baada ya mwaka, na ule weusi ndio mali yenyewe. Kile mama mkwe aliachiwa na mama yake.

Kuanzia siku hiyo, uhusiano ulikatika. Mama mkwe alisema mtu amemfutia mama yake kwa asubuhi moja. Mama naye alisema, "Nimesafisha, nimejaza njugu za kwetu, hata asante sijasikia. Hao watu ni wa aina gani?"

Aliyeumia ni mke wangu. Alitaka mtoto abatizwe nyanya wote wawili wakiwa hapo, na hakuna aliyekubali kuja kama mwingine anakuja. Jioni moja aliweka kalamu chini akasema, "Mtoto hatabatizwa hivi. Sitaki akue akijua nyanya mmoja ni wa Jumamosi na mwingine wa Jumapili." Nilidhani ni hasira za njaa. Mtoto akaota meno, akatambaa, akasimama. Wenzake wote walishabatizwa. Mke wangu akaacha kuniuliza, na mke akiacha kuuliza, jua unatakiwa kuvaa viatu.

Nikavaa. Nilipofika Chepkoilel nikaongea na baba mkwe kwa sauti ya mkutano wa hadhara ili jikoni wasikie.

"Mzee, mwambie mama tunaomba yaishe!"

"Mwambie huyo mkwe wako," sauti ya jikoni ikajibu, "mimi si kiziwi. Mama yake aje mwenyewe."

"Amesema—" Mzee akaanza.

"Nimesikia, Mzee."

Mama naye, nilipomkuta kwa mboga zake, hakuinua kichwa. "Niende mikono mitupu? Siwezi. Niende na kuku? Watasema nimelipishwa faini. Mimi sijakosa."

Hapo mazungumzo yakakwama juu ya kuku. Bila kuku ni matusi, na kuku akiwepo ni hukumu. Nikarudi kwa cherehani yangu na kushona sketi moja mara mbili kwa kukosea.

Kilichovunja ukuta si hekima yangu. Mama alikuja kumwona mtoto, akakaa akimtazama akitembea kwa kushika viti, halafu akauliza kama mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki:

"Kwani hicho kitu kinafanywaje, kama hakioshwi?"

Nilitafuta boda. Nilifikisha swali hilo ukutani kama lilivyo. Mama mkwe alikuwa amekaa miaka akitafuta mtu wa kumwuliza swali hilo. Binti zake wote hununua maziwa ya pakiti.

"Ameuliza hivyo kweli?"

"Kweli, mama," nikauambia ukuta.

"Hii haifundishwi na mdomo. Aje aone na macho."

"Ile shida ya kuku, sasa," nikamnong'oneza Mzee.

Mzee alikuna kidevu. "Si anakuja kusoma? Mwanafunzi huleta karo. Mwambie kuku ni karo."

Mama alipelekewa maneno hayo, akacheka mpaka akashika kiuno, na Jumamosi akaenda na jogoo na tetea. "Karo ya mihula miwili," akasema mlangoni. Mimi na Mzee tukabaki nje. Kutoka jikoni ulikuja moshi, kikohozi, kisha kelele: "Si hivyo, unachoma shingo!" "Wewe nawe, si ungesema mapema!" Kisha mama akamweleza nani alileta kokoto, na wakacheka pamoja kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inafaa.

Mtoto alibatizwa mwezi huohuo. Alienda madhabahuni kwa miguu yake, nyanya huku na nyanya huku, kila mmoja akivuta mkono wake. Pasta aliuliza nani anamleta mtoto huyu, wakajibu kwa pamoja. Mke wangu alikuwa nyuma yao na kitambaa machoni.

Ubalozi wangu ulifungwa. Siku hizi wanapigiana simu wenyewe, na sisi tunaletewa maamuzi. Juzi mke wangu aliniambia Krismasi tutakuwa Chepkoilel, siku tatu.

"Nani amesema?"

"Wamama."

"Na mimi sikuulizwa?"

"Umepangiwa," akasema. "Wewe utabeba mtoto."