Nilipofuta Mipangilio ya Tabibu wa Suma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa redio ya mbao yenye vitufe vinne vya kuzungusha, nikaambiwa nisiifungue. Duka lilikuwa Bulyaga, mjini Tukuyu, chumba cha mbele cha kuuzia na cha nyuma cha kutengenezea. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba Fundi Mkuu ilibidi anisogelee ndipo nimsikie. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani, mtaratibu sana, na kofia yake haikuchafuka hata baada ya siku nzima ya kulehemu.

"Binti," akaniambia, "kila kitufe hapo kimesimama mahali mwenyewe alipokitaka. Andika kwanza kilipo. Ukimaliza kutengeneza, unakirudisha palepale. Mteja hakuleta redio tu, ameleta na mazoea yake."

Niliandika: sauti robo, besi nusu, na kadhalika. Moyoni niliona ananipotezea muda.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa tawi la Mbeya, chini ya Meneja wa Huduma, mama mmoja aliyesomea elektroniki chuoni na asiyependa maneno mengi. Huko ndiko nilikojifunza homu thieta, yaani amplifaya moja inayoendesha spika tano au zaidi pamoja na sabufa ya besi, ili sebule isikike kama ukumbi wa sinema. Vitufe vya kuzungusha vilikuwa vimekwisha. Kila kitu sasa kilikaa ndani ya menyu: umbali wa kila spika kutoka kwenye kochi, nguvu yake, mpangilio wa vyanzo vya sauti, na kiwango cha sauti chombo kinapowashwa. Mambo hayo huyaoni kwa macho mpaka uyatafute, na ukiyafuta huoni umefuta nini.

Mashine za mwanzo hazikuwa na namna ya kuhifadhi mipangilio hiyo. Tulipiga picha kila ukurasa wa menyu kwa simu. Zilizofuata zilikubali flashi: unaichomeka, unachagua kuhifadhi, na mashine inaandika faili moja lenye kila kitu. Ikiharibikiwa, unalirudisha faili lile. Meneja alitufundisha na mitego yake. Faili la modeli moja halisomwi na modeli nyingine. Ukiboresha programu ya mashine, faili la zamani linaweza kukataliwa, kwa hiyo unahifadhi upya.

"Kazi haijaisha mpaka flashi iwe na faili," alikuwa akisema, kisha ananyoosha mkono aione hiyo flashi.

Niliporudishwa Tukuyu kuwa msimamizi wa tawi, hapakuwa tena na mtu wa kuninyooshea mkono.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa tabibu mstaafu wa Suma, mzee mrefu aliyetibu watu wa kata ile kwa miaka mingi kabla presha ya macho haijamwondolea uwezo wa kuona. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Alikaa peke yake, jirani akimpikia mchana, na mengine yote akijifanyia mwenyewe. Binti yake Neema, muuguzi huko Iringa, alimnunulia homu thieta kwa sababu masikio ndiyo yaliyombakia.

Niliifunga mwenyewe. Mashine ilikuwa na vyanzo tisa vya sauti. Nikaficha sita asivyovihitaji, vikabaki redio, flashi ya kwaya na televisheni. Mzee alikuwa akihesabu. Kutoka kwenye redio, bonyeza mara moja unapata kwaya, mara mbili taarifa ya habari ya televisheni, mara tatu umerudi redioni. Kabla ya kuzima alirudi redioni, ili kesho aanzie hapo. Nikaweka pia mashine iwake kwa sauti ya chini kila siku, isimshtue. Wakati namaliza, ukungu ulikuwa umeshuka na gari la mwisho linataka kuondoka. Nikasema flashi ya kuhifadhia nitaileta siku nyingine. Hiyo siku nyingine haikuja.

Mwaka uliofuata radi ilipiga, umeme ukarudi vibaya, na mashine ikaganda. Nilikwenda, nikahangaika nayo, mwishowe nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ikafufuka. Nikachomeka maikrofoni ya kupimia, nikapanga spika zote upya, redio ikasema vizuri kabisa. Mzee akafurahi, tukanywa chai na ndizi za kuchemsha, nikaaga. Vile vyanzo sita havikunijia kabisa akilini.

Wiki tatu baadaye Neema aliingia dukani akiwa na vumbi la safari. Aliniomba nikafungue spika ukutani na kuzifunga kwenye maboksi.

"Nampeleka baba Iringa," akasema. "Ameanza kusahau, dada. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipigia kuniomba nije nimchukue."

"Anasahau nini?"

"Hata redio yake imemshinda. Anasema anabonyeza vilevile kama zamani na hapati kitu. Siku moja ikapiga kelele mpaka akachomoa waya, hajaigusa tena. Sasa hajiamini hata na dawa za macho. Anamwita jirani aje amhesabie matone."

Nikakaa kwenye boksi. Ukirudisha mashine kiwandani, vyanzo tisa vyote hurudi. Mzee alibonyeza mara mbili kama nilivyomfundisha, akaangukia mahali patupu pasipo sauti, akaendelea kubonyeza na kuzidi kupotea. Ile kelele ilitokana na kile kiwango cha kuwashia ambacho sikukirudisha.

"Neema," nikasema, "usifunge chochote. Twende wote."

Tulimkuta sebuleni, amevaa koti, mfuko wa nguo umekaa miguuni pake. Nilimwamkia, akaijua sauti yangu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini yote yalinipotea.

"Baba, kosa ni langu, si la akili yako. Nilipotengeneza nilifuta mipangilio uliyoizoea, na sikuirudisha yote. Wala sikukwambia."

Aligeuza uso upande niliposimama. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo mara mbili ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, baba."

"Mimi nimekaa hapa wiki tatu najipima kama mgonjwa," akasema. "Nilijiuliza majina ya dawa, majina ya wauguzi niliofanya nao kazi. Yote nayakumbuka. Nikasema basi ugonjwa huu umenianzia vidoleni."

Neema aligeukia dirishani. Mimi nilikuwa tayari nalia.

Nikamweleza kwamba sina nakala, na mambo mengine niliyompangia siyakumbuki vizuri. Akavua koti, akajiweka sawa kitini, akaniuliza kama nina kalamu. Kisha akanitajia, kimoja baada ya kingine. Mpangilio wa vyanzo vitatu. Sauti ya kuwashia, ambayo ilikuwa hatua tisa chini ya ile anayosikilizia. Spika ya katikati, inayobeba maneno ya watu, nilikuwa nimeipandisha kidogo kwa ajili yake. Alikumbuka hata ni hatua mbili, kwa sababu siku ile nilihesabu kwa sauti nikifanya kazi. Sabufa niliishusha kwa sababu kikombe kilikuwa kinatetemeka mezani. Mimi naandika, Neema amesimama anamsikiliza baba yake.

Tulimaliza jua likingali juu. Nikampa rimoti. Akabonyeza mara moja, kwaya. Mara mbili, televisheni. Mara tatu, redio. Akairudia safari hiyo yote mara ya pili, na ya tatu, hakuna aliyemkatiza. Kisha nikachomeka flashi, nikahifadhi, nikamkabidhi Neema nyingine ya akiba.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Kwa binti yake akasema, "Hizo nguo zirudishe kabatini. Iringa nitakuja kutembea."

Nilimwandikia Meneja wa Huduma barua kueleza yote, nikitegemea karipio. Alinipigia simu. Baada ya kunisikiliza alisema tu, "Ungeweza kusingizia radi, na sote tungekuamini. Endelea na kazi."

Sasa nimestaafu. Vijana wananiuliza kama mambo haya bado yana maana, wakati mashine za leo zinajihifadhia zenyewe mtandaoni. Nawajibu yana maana, kwa sababu mtandao utahifadhi namba, hautamuuliza mzee anahesabuje. Hilo ni la fundi. Na ukikosea, rudi ukaseme mapema, maana mwenzako huko aliko anaweza kuwa anajilaumu kwa kosa lako.

Wiki niliyoagwa kazini, tabibu alinipigia simu. Nilimuuliza nani amembonyezea namba, akacheka.

"Namba yako ninayo kichwani. Pumzika sasa, mwanangu. Na mtu akikwambia umezeeka, mwambie kwanza akakague kazi yake."

Nikamwuliza anasikiliza nini. Akaongeza sauti ili nami niisikie kwaya.