Mwimbaji wa Taarabu Ashukiwa kwa Nyimbo za Roki

Juzi nilikuwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi, hapa Temeke, nikisubiri muhuri, alipoletwa mwimbaji wa taarabu anayejulikana mtaa mzima. Aliyemshitaki ni jirani yake, mwanamke aliyesimama mikono kiunoni.

"Ndugu balozi, huyu siku hizi anajifungia ndani anapiga makelele ya Kizungu. Mie nasema katumwa."

"Nafanya mazoezi," mwimbaji alijibu, akijitanda khanga. "Nakwenda kurekodi santuri ya nyimbo za roki."

Balozi alikunja uso. "Hiyo si kasumba ya mabeberu? Maneno yake yanasemaje?"

"Mtu kaachwa na mpenzi wake, analia."

"Basi? Siasa hamna?"

"Hamna."

"Hebu imba, nisikie mwenyewe."

Akafumba macho, akaimba. Sauti ilikuwa ileile ya taarabu, ikapanda taratibu mpaka jirani akashusha mikono. Wimbo ulipokwisha, balozi alijifuta macho kwa kiganja, kisha akakaza sura.

"Bado nina shaka," alisema. "Rudia ubeti wa pili."

Naambiwa uchunguzi utaendelea Jumamosi, na jirani ameomba kuja na dada zake, eti kama mashahidi.