Pembe Alizozichagua Albertine

Pale jengo la maduka la Tianxiu, mjini Guangzhou, Uchina, wafanyabiashara walimjua Albertine kwa sikio lake. Ukimpelekea redio au kengele ya mlango, hakuitazama kwanza. Aliisogeza karibu na sikio, akafumba jicho moja, kisha akakuambia kama ni mzigo wa kusafirisha au wa kumrudishia mwenyewe. "Huyu mama angeweza kusikiliza hata viatu," alizoea kusema Adhiambo, Mkenya wa Kisumu mwenye ofisi ya mizigo mlango wa pili.

Sikio hilo alitoka nalo Uvira, Congo, alikokuwa akifundisha kwaya ya kanisa tangu usichana wake. Vita vilipowachukua wazazi wao, Albertine alikuwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wake Loïc alikuwa na sita. Akambeba wakavuka ziwa, wakafika Kigoma, wakaingia kambini. Huko alimlea kwa kukaanga maandazi na kushona nguo za watu. Loïc akakua, akaoa binti wa humo humo kambini aitwaye Hadassa, na wote wawili wakapata bahati ya kupelekwa Amerika, jimbo la Missouri. Jina la Albertine halikuwamo kwenye orodha. Yeye akarudi Congo, akaanza kununua hapa na kuuza pale, mpaka biashara ikamfikisha Guangzhou. Miaka kumi na mmoja ikapita bila kumwona mdogo wake ila kwenye kioo cha simu.

Walipigiana kila Jumamosi saa mbili asubuhi ya Guangzhou, kwani kwa Loïc bado ilikuwa Ijumaa jioni, ametoka kiwandani anakokata nyama. Waliulizana afya, watoto, mvua. Mengine ya kusema yalikuwa yamepungua, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka hilo.

Asubuhi moja Loïc akaja na jambo jipya.

"Yaya," akasema, kama Wacongo wanavyomwita dada mkubwa, "unajua ayala?"

"Wale wa kwenye mahubiri?"

"Wale wale. Huku wanaingia hadi kwenye bustani za watu kula maua. Wenzangu wa kazini wamenifundisha kuwawinda."

Akamweleza. Mwezi wa kumi na moja madume hupigania majike, na pembe zao zenye matawi hugongana hadi msitu mzima ukasikia. Mwindaji hujificha kichakani na jozi ya pembe mikononi, akazigonganisha na kuzikwaruzanisha. Dume aliye mbali akisikia, anakuja mbio kuona nani wanapigana, huenda naye akapata nafasi.

"Kama wanaume wa kwetu wakisikia fujo sokoni," Albertine akasema, na Loïc akacheka kicheko alichokuwa nacho utotoni.

Kisha akazigonga pembe zake mbele ya simu. Zilikuwa za plastiki, za dukani.

"Hiyo inalia kama ndoo," dada akasema.

"Na ayala wanajua vilevile. Wananisikia, wanakimbia. Yaya, weye uko kule kunakotengenezwa kila kitu. Nitengenezee za kweli. Na wenzangu watazitaka."

Albertine alijua biashara ya pembe za plastiki haitamtajirisha. Lakini hatimaye walikuwa wamepata kitu cha kufanya pamoja, na hilo lilimtosha.

Akaenda soko la Qingping, wanakouza dawa za asili, akanunua pembe mbili za ayala zilizokauka. Akarudi ofisini, akafunga mlango, akaanza kuzigonga. Alizigonga polepole, akazigonga kwa hasira, akazisaga moja juu ya nyingine, mpaka Adhiambo akaja kubisha.

"Mama, unavunja ukuta ama?"

"Najifunza wimbo," Albertine akamjibu.

Alipokwisha kuushika ule mlio, akaenda Panyu kwa Liang, mwenye kiwanda kidogo cha mipini ya miamvuli. Kila mtu alimwita laobani, yaani bosi. Sampuli ya kwanza ililia kama ndoo, ya pili kama kijiko. "Meiyou," laobani akasema, hakuna, plastiki ya namna hiyo haipo duniani. Albertine akamwambia achanganye unga wa mifupa. Liang akatikisa kichwa, akachanganya. Ya nne ilivunjika. Ya sita ilikaribia, ila ilikosa ule ukavu wa mwisho, pembe zinapoachana. Kwa ya saba Albertine alifumba jicho lake, akazigonga mara tatu, akatabasamu.

Siku hiyo hiyo akampigia Loïc, akazigonga karibu na simu.

"Loïc? Umesikia?"

"Yaya," akasema kwa sauti ya chini, "hii haiko plastiki. Hii iko yenyewe."

Jozi ya kwanza ilikwenda na msafiri, nyingine mia mbili zikabaki Panyu zikifungwa kwenye katoni. Wiki ya kwanza ya Novemba Loïc akatuma ujumbe wa sauti, akinong'ona kutoka kichakani huku pumzi zikimpaa: "Amekuja, yaya! Amekuja na nywele za shingo zimesimama!" Albertine aliusikiliza njiani kuelekea soko la Zhanqian, katikati ya wasukuma mizigo, akausikiliza tena mara nne.

Jumapili iliyofuata alikuwa akipiga pasi kitenge cha kuvaa kanisani. Simu ikaita, jina likatokea la Loïc. Sauti ilikuwa ya Hadassa.

"Yaya, kaa chini."

"Nimekaa," Albertine akasema, naye amesimama.

Kule ilikuwa Jumamosi jioni. Hadassa alikuwa na habari hiyo tangu asubuhi, na kutwa nzima alikuwa akiishika simu na kuiweka. Loïc aliingia msituni alfajiri. Alivaa koti la rangi ya chungwa, lile la kuwajulisha wawindaji wengine kwamba huyu ni mtu, lakini lilikuwa linachakarisha kila alipoinua mikono, kama alivyolalamika akitoka nyumbani, basi akalivua na kulitundika mtini nyuma yake. Akaanza kugonganisha pembe. Upande wa pili wa kichaka alikuwako mzee mmoja, mkulima wa jirani, asiyejua kwamba kuna mtu. Mzee akasikia madume wakipigana. Akanyata. Akaona ncha za pembe zikitikisika juu ya majani. Alifyatua risasi moja tu.

Pasi iliunguza kitenge mpaka moshi ukajaa chumba. Adhiambo, aliyekuwa amekuja kumpitia waende kanisani, ndiye aliyeichomoa.

Matanga yalikaliwa humo humo katika nyumba yake ya kupanga, mtaa wa Xiaobei. Wacongo wakaja, Wakenya wakaja, Adhiambo akasonga ugali wa watu thelathini kwenye jiko la mtu mmoja. Albertine aliomba viza ya kwenda kumzika mdogo wake, nayo haikutoka kwa wakati. Akamzika kwa simu, ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Kwaya ya Wacongo wa Missouri iliimba, na Albertine akajikuta anasikia kwamba sauti ya pili imeshuka. Akajichukia kwa kulisikia hilo.

Wiki mbili baadaye Hadassa akapiga tena. Yule mzee, akasema, anakuja mlangoni kila Jumapili, anasimama tu, kofia mkononi. Sasa ameambiwa kuna dada aliyemlea marehemu, naye anaomba kusema naye.

"Unataka, yaya?"

"Mlete."

Akaonekana mzee mwekundu, mwenye mikono mikubwa asiyojua aiweke wapi. Alisema, Hadassa akatafsiri.

"Anasema hana neno la kusema. Anasema amewinda miaka arobaini na mitatu, hajawahi hata mara moja kukosea. Siku ile angeapa mbele ya Mungu kwamba pale kuna madume wawili."

Albertine akasema, "Muulize, mlio ulikuwaje."

"Yaya?"

"Muulize tu."

Hadassa akauliza. Mzee akafikiri, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema haukuwa na tofauti. Hata kidogo."

Kwa Hadassa hayo yalikuwa maneno ya mtu anayejitetea. Kwa Albertine yalikuwa hukumu. Hadassa alingoja amwambie mzee kwamba amemsamehe, au kwamba hamsamehe.

"Mwambie nimemsikia," akasema, akakata simu.

Kesho yake akaenda Panyu. Katoni zilikuwa zimepangwa mlangoni, tayari kwa safari. Akamwambia Liang azisage zote, na kalibu iliyozitoa aikate.

Laobani akashtuka. "Buhao?" akauliza. Si nzuri?

"Hao," Albertine akamjibu. Nzuri. Akatafuta maneno zaidi ya Kichina, asiyapate. Akamwonyesha picha ya Loïc kwenye simu, kisha akaonyesha katoni, kisha akaweka kidole kifuani pake mwenyewe. Liang akaelewa kiasi alichoelewa. Hakubisha. Akamletea kigoda na kikombe cha maji ya moto, akaiwasha mashine ya kusaga plastiki, akaanza kuzitia jozi moja moja. Albertine alikaa hapo mpaka ya mwisho.

Lakini lililokuwa kifuani halikusagika. Alilibeba Krismasi, akalibeba mwaka mpya, hata Januari akashindwa.

"Hadassa," akasema Jumamosi moja, "zile pembe ni mimi. Kiwanda kilitaka kuniachia za hovyo, nikakataa. Kama ningekubali zile zinazolia kama ndoo, mume wako angekuwa hai."

Hadassa alikuwa amesimama jikoni kwake na mwiko mkononi.

"Yaya, lile koti nilifua mimi," akasema. "Nilitia sabuni nyingi, sikulisuuza vizuri, nilikuwa nachelewa kazini. Likakauka likawa gumu kama karatasi. Ndiyo maana lilikuwa linampigia kelele."

Wakatazamana, bila yeyote kumwambia mwenzake kwamba si kosa lake. Kila mmoja alijua kwamba akiambiwa hivyo hataamini, basi wakaacha.

Albertine yuko Guangzhou bado. Siku hizi anauza nguo za watoto, na maonyesho ya biashara ya Pazhou haendi tena. Jumamosi saa mbili simu huita kama zamani. Siku nyingine wanaongea habari za watoto, siku nyingine hakuna cha kuongea. Hapo simu huachwa wazi, Hadassa akipika kule, Albertine akikunja nguo huku, mpaka chaji ya mmoja wao iishe.