Bakuli la Uji la Yudith

Nilishasema sitaki kuandika. Macho haya si ya kalamu, na shule yenyewe niliishia darasa la tatu. Lakini mjukuu wangu Jenifa kila jioni ni yale yale: "Bibi andika, habari ya mama Yudith itapotea." Ipotee iende wapi, na midomo ya watu inaitangaza kila siku, tena ikiwa imepinda? Haya. Naandika ili kuinyoosha. Asiyependa mwandiko wangu asisome.

Yudith, jirani yangu, yuko Kizota, hapa Dodoma mjini, nyuma ya mabanda ya wachomeleaji vyuma, mwaka wa kumi na saba sasa. Alikuja mjane kutoka kijijini Chamwino, na sufuria mbili na mwiko. Anapikia mafundi. Ugali wake wa mtama hauna madonge, na mlenda wake unateleza wenyewe mpaka kooni. Kuna fundi mmoja, Ernest, kila siku lazima amchokoze: "Mama, mlenda wa leo unavutika, nilitaka kufungia geti."

"Kula unyamaze," Yudith humjibu. "Geti lako la jana limeshaanguka."

Jambo moja kwake halina mjadala: mtu hatoki nyumbani kwake na tumbo tupu. Hata aliyekuja kumtukana. Anakula kwanza, ndipo anatukana.

Sasa huyu Yudith ana mdogo wake wa tumbo moja, Yotham, aliyemlea mgongoni. Yotham analima karanga na alizeti huko huko Chamwino. Tumbo lilimchoma miaka. Alikuwa akitafuna vile vidonge vyeupe vya kiungulia kama mtu anayetafuna karanga, na kwa kuwa jembe lilikuwa limemharibu mgongo, alinunua na dawa za mgongo, akameza mbili mbili, asubuhi na jioni, bila kuandikiwa na mtu yeyote. Hakuna aliyeona ajabu. Nani kijijini hamezi dawa za mgongo?

Mwaka juzi mama yao akafariki. Kwenye matanga Yudith ndiye aliyeshika mwiko, na sahani ya Yotham aliipakua kwa mkono wake. Wiki ile ile Yotham akaanza kutapika. Hakutapika kama mlevi wala kama mwenye homa. Maharage aliyokula jana mchana yalitoka leo jioni, mazima, ungeweza kuyahesabu.

Anjelina, mke wa Yotham, hakusema mengi. Alisema neno moja tu pale bombani, ndoo ikiwa inajaa: "Amelishwa."

Neno hilo halimtaji mtu, na huo ndio ubaya wake. Linawaachia wanaosikia wakumbuke wenyewe ni nani alipakua. Likabebwa na wapakia mahindi mpaka sokoni Kibaigwa, likafika Kizota kabla ya Yotham mwenyewe.

Yotham alipofika kwa dada yake, mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mapya matatu. Yudith hakuuliza lolote juu ya lile neno. Alifunga jiko, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akamlaza Yotham, akamshika kiunoni kwa mikono miwili, akamtikisa. Tumbo likalia maji, chubwi chubwi, kama dumu lisilojaa. Yudith alilisikia kutoka alipokaa.

"Mzee, leo umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu tangu jana, daktari."

"Basi hayo ni ya jana. Njia ya kutokea tumboni imebana. Inaweza kuwa kidonda cha zamani, inaweza kuwa kitu kibaya zaidi. Kwa kushika nje siwezi kujua. Lazima tupitishe mpira wenye kamera mdomoni, tuangalie."

Akampangia Alhamisi. Kuanzia Jumatano mchana asitie kitu mdomoni, hata maji. "Nikikuta chakula ndani sitaona chochote. Tena kinaweza kupanda, kikaingia kwenye mapafu. Hicho kinaua."

Yudith alisikia. Wapo wanaosema hakuelewa kwa kuwa hakusoma. Waongo. Alisikia vizuri sana.

Alhamisi asubuhi akakoroga uji wa mtama, mwepesi, akauchuja, akatia ubuyu kidogo. Akamletea mdogo wake kwenye bakuli.

"Kunywa kidogo, njia ni ndefu."

"Dada, daktari amekataza."

"Amekataza chakula. Haya ni maji yaliyopita kwenye mtama."

"Amesema hata maji, dada. Ulikuwepo."

Hapo angenyamaza, na mimi leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini lile neno la bombani lilikuwa limemkaa kifuani miezi mingi, na asubuhi ile lilitoka.

"Sema ukweli tu, Yotham. Unauogopa mkono wangu."

"Dada!"

"Sema. Mkeo amesema, kijiji kimesema, umebaki wewe. Nilikutafunia karanga hujaota meno, leo unautazama uji wangu kana kwamba kuna nyoka ndani."

Yotham akalichukua bakuli. Akanywa, macho yakimtazama dada yake juu ya ukingo, hakupumzika. Alipomaliza akaligeuza bakuli chini, halikudondoka hata tone.

"Umeona?"

"Nimeona."

Nakuambia, Yudith alitoka mle ndani akitembea kama bibi harusi. Furaha ile ilidumu mpaka kwenye benchi la hospitali.

"Mzee, umekula chochote?" nesi akauliza.

Angeweza kusema hapana. Wengi husema hapana. Yotham hajui kusema uongo kwa mtu aliyevaa nguo nyeupe.

"Nimekunywa uji."

"Uji! Saa ngapi?"

"Sasa hivi, kabla ya kutoka."

"Ni nani aliyekupa, na umeambiwa usinywe hata maji? Mnataka kufa, halafu mseme tumewaua sisi!"

"Hakuna aliyenipa. Nilijitakia mwenyewe."

Yudith alikuwa amekaa hapo hapo, bega kwa bega naye, na khanga yake begani. Mwanamke huyu ambaye hakuna fundi Kizota aliyewahi kumshinda mdomo. Hakufungua kinywa. Kwa uji wenyewe amekwisha kujisamehe, alishaniambia. Ule ukimya pale benchini bado haumtoki.

Foleni ya kamera ilikuwa ndefu. Wakampa tarehe nyingine, wiki tano mbele.

Katika wiki hizo tano Yotham alirudi kwake, na Anjelina akampeleka kwa mganga wa kutapisha. Akanyweshwa mizizi, akatapika siku tatu. Mganga akaonyesha nywele na kifupa ndani ya beseni, akasema hicho ndicho alicholishwa. Nywele zilitoka kwenye mkono wa nguo ya mganga, hilo hata mimi nisiyekuwepo nalijua. Wakamrudisha mjini kwenye pikipiki, kaminywa katikati ya watu wawili, vidole vimekakamaa kama vya maiti kwa kuishiwa maji na chumvi.

Hospitali hawakungoja tarehe tena. Wakamtia dripu, wakapitisha mpira puani kuyamwaga yaliyolala tumboni, ndoo baada ya ndoo. Alipopata nguvu kidogo wakaingiza kamera. Wakaona kidonda kilichopona vibaya mara nyingi, kovu juu ya kovu, hata njia ikaziba. Wakachukua vinyama wakavipima, wakasema si saratani, ila kuna vijidudu. Wakampasua, wakamfungulia njia nyingine ya chakula. Kisha vidonge vya kuua vijidudu, siku kumi na nne bila kuruka hata moja, na dawa za mgongo marufuku.

"Kwa hiyo hakulishwa?" Yudith akamuuliza yule daktari binti.

"Alishwe nini, mama? Ni vijidudu na dawa za mgongo. Ugonjwa huu ni wa miaka."

"Niandikie."

Daktari alicheka, kisha alipomtazama usoni akaacha kucheka. Akaandika kwa Kiswahili, mistari minne, akagonga muhuri. Yudith akampa Yotham karatasi ile. "Wewe ndiye wa kuisoma. Mimi nikiisoma watasema nimeinunua."

Yotham akanenepa. Baada ya mavuno wakafanya shukrani nyumbani kwake, na Yudith akaenda. Watu wamejaa, kwaya imeimba. Anjelina akasimama, akamshukuru Mungu, akawashukuru na "wote walionishauri nimzuie mume wangu asile kwenye nyumba nyingine." Shingo zote zikageuka. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Yotham, muhuri ukionekana. Akaugusa mfuko. Akabaki amekaa.

Yudith alimfuata nyuma ya zizi. "Yotham, karatasi?"

"Dada, nikiisoma leo nitalala wapi? Huyu ni mke wangu. Nimepona, yaishe."

"Yameisha kwako."

Akarudi, akakaa mkekani. Anjelina akamletea sahani. "Karibu, wifi." Yudith akala yote, akaifuta sahani kwa kidole, wote wakimtazama. Yeye mkono wa mtu haumtishi. Kisha akarudi Kizota.

Sasa mabenchi yake mawili kati ya manne yako wazi mchana. Ernest bado anakuja, anachokoza kwa sauti kubwa kuliko zamani ili pasikike kuna watu.

Basi nimeandika, nawe umesoma. Hukusoma bure. Ugali huiva saa saba. Ukifika mabanda ya wachomeleaji uliza kwa Yudith, hakuna asiyemjua. Kama kesho una kipimo cha tumbo, nenda keshokutwa. Lakini nenda. Usimwonee huruma, atakufukuza. Kaa kwenye lile benchi lisilokaliwa, ule umalize, uligeuze bakuli chini akiwa anakutazama. Na wewe Yotham, watakaposoma haya kanisani kwenu, toa karatasi mfukoni.